Ushahidi wa Kumi na Nne

Mama mkwe wangu alistaafu mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa nne alikuwa ameshapanga upya kabati la vyombo mara sita. Alikuwa karani wa masjala hospitalini kwa miaka thelathini na moja. Faili la mgonjwa likipotea, madaktari walikuwa wanamwita yeye, naye analitoa kama mtu anayetoa leso mfukoni. Kisha siku moja wakamkabidhi saa ya ukutani, wakampigia makofi, akarudi nyumbani kwetu: kwa mume wangu, kwangu, na kwa binti yetu wa miaka miwili ambaye tunamwita Bosi kwa sababu katika nyumba ile yeye ndiye anayetoa amri. Hakuugua. Alipungua tu, siku baada ya siku, kama kipande cha sabuni. Alikuwa akiuliza ni saa ngapi, akijibiwa anaitikia kwa kichwa, halafu anabaki amekaa palepale.

Kilichomfufua ni tamthilia ya mtandaoni.

Inaitwa Ghorofa ya Nne, na hutoka kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, dakika kumi na tano tu, basi. Mwanamke mmoja asiyetajwa jina, anayejulikana kama Mpangaji, anahamia katika jengo la zamani, na kwenye sehemu ya tano anatoweka. Hakuna anayesema kaenda wapi. Watengenezaji wameficha vidokezo ndani ya picha zenyewe: saa iliyosimama, bahasha chini ya mlango, kalenda yenye tarehe iliyozungushiwa wino. Mtazamaji anatakiwa asimamishe picha, aikuze, akune kichwa. Lilikuwepo kundi la watu zaidi ya mia tatu lililofunguliwa kwa kazi hiyo peke yake, na mume wangu alimwingiza mama humo kwa mzaha, ili naye apate pa kupitishia jioni.

Mzaha ukaota mizizi. Wiki haikuisha mama akawa amenunua majalada sita ya karatasi ngumu. Kila kidokezo alikipa namba, sehemu kilipoonekana, dakika na sekunde. Majalada yalikaa juu ya kabati, mahali ambapo hata amri za Bosi hazikufika. Kundini walimbandika jina la Bibi Faili. Wawili wakibishana kama saa ya ukutani ilionyesha tatu au nne, alijitokeza mtu akaandika, ngojeni Bibi Faili, na kweli walingoja. Hata Jicho Kali, kinyozi mmoja mwenye maneno mengi aliyejiona mwenye kundi, alikuwa akimchokoza kwa heshima. Na mimi nikirudi kutoka kazini nilimkuta mama anacheka peke yake jikoni, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na kitu kinaungua. Sikuwahi kufurahia harufu ya kuungua kama miezi ile.

Sasa niseme langu. Mimi ni fundi cherehani, na koti la Mpangaji nilishona mimi.

Nafanya kazi katika karakana yenye vyerehani vinne, nyuma ya fundi viatu. Kwa miaka mitano kazi yetu kubwa ilikuwa sare za walinzi. Mwongozaji wa Ghorofa ya Nne, kijana mwembamba anayetembea na simu tatu na chaji hana, alikuja akataka koti refu la kijani, zito, la mtu anayehama nyumba na kila alichonacho mwilini. Nikapewa mimi. Nilitia sahihi karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata wa nyumbani, kwamba nafanya kazi hiyo, mpaka tamthilia iishe. Na Mwongozaji aliniahidi jambo: tamthilia ikipendwa, atafanya nyingine yenye watu arobaini, mimi nitakuwa fundi mkuu wa mavazi, na mwisho wa kila sehemu jina langu litapita kwenye kioo. Nilikuwa nikilitamka hilo jina njiani nikienda kazini, ili nione litakavyokaa.

Koti lilitoka zuri, ila kwa jambo moja. Koti la kike, upande wa kulia hulala juu ya wa kushoto. La kiume ni kinyume chake. Mkono wangu ulikuwa umezoea walinzi, ukatoboa matundu ya vifungo upande wa kiume, na mimi sikugundua mpaka koti limeshachukuliwa. Sikumwambia mtu. Baada ya wiki mbili za kupiga picha, mwigizaji akaegemea mlango uliopakwa rangi asubuhi ile, koti likaharibika, wakataka jingine la kufanana nalo kabisa, siku ileile. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikashona la pili, vifungo upande wa kike kama inavyotakiwa, nikajisifu moyoni kwamba nimerekebisha kosa kimyakimya.

Nilichosahau ni kwamba picha hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo wanapiga mwanzo, kesho mwisho, keshokutwa katikati. Tamthilia ilipotoka, koti la kiume na la kike yakawa yanapokezana ndani ya sehemu moja, na mwilini ni mtu yuleyule.

Aliyeliona ni mama mkwe.

Aliniita sebuleni jioni moja ya Jumanne. Alisema yeye si mtu wa nguo, mimi ndiye fundi, hebu nimwangalizie. Alikuwa amechapisha picha kumi na mbili na kuzipanga mezani mistari miwili. Nilipoziona tu, nililitambua kosa langu.

"Hapa kushoto juu ya kulia," alisema, akigonga picha kwa kucha. "Na hapa kulia juu ya kushoto. Koti linaweza kubadilika hivyo lenyewe, Mama Bosi?"

Nilimjibu kwamba lenyewe haliwezi.

"Basi ni makoti mawili. Na kama makoti ni mawili, mwanangu, wanawake ni wawili."

Ungemwona uso wake. Miaka kumi ilikuwa imemtoka. Nilifungua kinywa, nikaikumbuka ile karatasi, nikalikumbuka jina langu likipita kwenye kioo, nikakifunga. Nikasema naenda kumtazama Bosi, na Bosi alikuwa amelala fofofo.

Aliliandika jalada jipya, Ushahidi wa Kumi na Nne, akaupeleka kundini, na kundi likawaka moto. Wanawake wawili, tena pacha! Darubini, mwalimu wa hesabu ambaye huwa hasemi neno bila jedwali, alichora jedwali la kila tukio na upande wa vifungo. Mtu mwingine akadai mmoja wa wale pacha anakunja shingo kidogo. Watu wasiofuatilia kabisa wakaanza kufuatilia. Jicho Kali peke yake ndiye aliyetia shaka. Aliandika kwamba Bibi Faili sasa anatuuzia ushoni, na pacha wakikosekana siku ya mwisho yeye ataweka picha ya jalada tupu kama nembo ya kundi.

Hapo mama akafanya jambo ambalo nisingependa alifanye. Alimjibu mbele ya watu wote kwamba Jumapili, siku nne kabla ya sehemu ya mwisho, atawakusanya kwenye simu ya video na kuieleza hoja yake ya wanawake wawili mwanzo mpaka mwisho. Ikija kuonekana amekosea, atafunga majalada yake na kutoka kundini, maana jicho la karani likishafanya makosa kazi yake imekwisha. Na mama mkwe wangu si mtu wa kurudi nyuma kwa neno alilotoa. Mwenyewe alishawahi kugoma kula samaki miaka saba kwa sababu ya kiapo cha hasira ambacho kila mtu alishakisahau.

Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nimempima yule mwigizaji kwa mkono wangu, na nilishona nguo za waigizaji wote kuanzia mlinzi hadi mpiga hodi. Hakukuwa na pacha. Alhamisi ya mwisho mama angeumbuka, angetoka kundini, na Ijumaa tungemkuta kwenye kabati la vyombo.

Nilimfuata Mwongozaji. Alikuwa ndani ya chumba chenye nyaya nyingi kuliko viti. Nilimweleza kosa langu lote, akacheka mpaka akakaa chini, maana hakuwa ameona hata kidogo. Yeye aliyeiangalia kila picha mara mia. Nikamwomba ruhusa nimwambie mtu mmoja tu. Kicheko kikamwisha. Alisema watazamaji wameongezeka maradufu tangu hiyo hoja ya pacha, niwaache wachimbe, na karatasi niliyoitia sahihi bado anayo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako.

Nikarudi nyumbani. Siku zikaenda. Nilimtazama mama akichora mishale ya wino mwekundu na bluu, nikimwekea chai pembeni, nikisema hongera Mama. Usiku sikukosa usingizi, nisiwadanganye, mwenye mtoto wa miaka miwili anayeanguka kitandani analala tu. Lakini mchana nilikuwa nikikosea mishono iliyonyooka.

Jumamosi alasiri, mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti, yuko kazini na Bosi amelala, nilimkuta mama anafanya mazoezi ya kuhutubia mbele ya kioo cha kabati. Alikuwa amevaa blauzi ya kazini. Ile ya masjala, yenye mfuko wa kalamu. Hapo nikapiga moyo konde.

"Mama," nilisema, "koti nilishona mimi. Yote mawili. La kwanza nilikosea, la pili nikarekebisha. Hakuna mwanamke wa pili."

Hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo.

"Umejua tangu lini kwamba nimeliona?"

"Tangu siku uliyoniita sebuleni."

Akahesabu kwa midomo. "Siku kumi na moja. Siku kumi na moja unaniwekea chai na kuniangalia nikichora mishale."

Nililia. Nilimweleza ya karatasi na ya jina langu kwenye kioo, yote yakatoka yamechanganyika na makamasi. Yeye hakulia na hakunigombeza, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Bosi akaamka, akaenda kuupiga ule mlango kwa viganja viwili akiamuru bibi afungue. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake amri haikutekelezwa.

Ilipita kama saa nzima. Nilikuwa naosha vikombe vilivyokuwa safi tayari aliposimama mlangoni mwa jikoni. Aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea: kwa nini sikumwambia Mwongozaji nilipokosea koti la kwanza? Nikasema niliona aibu, nikadhani nikishona la pili sawasawa, la kwanza litakuwa kama halikuwepo.

"Sisi masjala tulikataza hilo," alisema. "Karani akikosea, akate mstari mmoja juu ya kosa na atie sahihi pembeni, watu waone. Vijana walikuwa hawataki. Wanaacha nafasi, wanarudi kuijaza baadaye kwa maandishi mazuri, wanadhani hatutajua. Na mimi nilikuwa najua kila mara, kwa sababu saa—"

Akabaki anaangalia bomba la maji. Kisha akaondoka mbio, yaani mbio za mtu wa umri wake, nikasikia majalada yanashushwa juu ya kabati. Nilimfuata na povu mikononi.

Alikuwa ameshika picha ya sehemu ya tano. Mlangoni mwa lile jengo kuna daftari ambalo kila anayetoka anaandikwa na msimamizi wa jengo, pamoja na saa. Jina la Mpangaji limo, na kundi zima lilikuwa limelichukua kama uthibitisho kwamba aliondoka. Mama alinionyesha kwa kidole. Mstari wa juu yake, mtu alitoka saa kumi na dakika arobaini. Mstari wa Mpangaji, saa kumi na robo. Mstari wa chini, saa kumi na moja.

"Mtu wa saa kumi na robo anaandikwaje chini ya mtu wa saa kumi na dakika arobaini?" aliniuliza, na sauti ilikuwa imerudi ile ya zamani. "Mstari huu umejazwa baadaye. Huyu mwanamke hakutoka, Mama Bosi. Yumo humohumo ndani ya jengo."

Alikuwa ameuona mstari huo tangu mwanzo, aliniambia, akaupuuza, kwa sababu haukuelewana na wanawake wawili. Koti langu lilikuwa limemziba macho. Alilisema bila kunitazama, lakini alinisogezea kiti.

Jumapili waliunganika watu mia mbili na kitu. Mimi nilikaa pembeni na Bosi mapajani, nje ya picha. Mama alianza kwa kusema kwamba Ushahidi wa Kumi na Nne anauondoa. Kundi likachafuka. Darubini, mtu wa watu, aliinua jedwali lake mbele ya kamera kama anayeomba huruma. Jicho Kali alikuwa kwenye kibanda chake cha kunyolea, mteja nusu kichwa nyuma yake.

"Bibi, jalada limeliwa na panya?" aliuliza.

"Halijaliwa. Nimelikuta na karatasi isiyo yake."

"Nani kakwambia si yake?"

Nilimkumbatia Bosi mpaka akalalamika. Kama angenitaja, karatasi ya Mwongozaji ingefanya kazi yake, na mama asingekuwa na kosa lolote kwa kunitaja.

"Karani hamtaji aliyemletea karatasi," mama alisema. "Andika kwamba mimi nilikosea, kisha tuendelee."

Jicho Kali akamkumbusha neno lake. Akikosea, anafunga majalada. Mama akakubali kwamba neno ni lake. Akasema kabla hajafunga ana mstari mmoja wa kuwaonyesha, na kama Alhamisi mstari huo nao utakuwa uongo, atatoka bila kuaga. Kisha akawawekea lile daftari, akawaeleza saa za mistari ile mitatu, polepole, kama anavyomweleza Bosi viatu vya kushoto na kulia. Yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyesema kwanza, kwa mbali, "Kwa hiyo hajatoka."

Hizo siku nne zilikuwa ndefu. Mama hakugusa simu, alidai anawapa nafasi ya kumzoea asipokuwepo. Kwangu mimi alikuwa mpole, lakini mpole wa ofisini: asante, tafadhali, samahani. Chai alijitengenezea mwenyewe.

Alhamisi tulikaa sebuleni wote wanne. Sehemu ya mwisho ilianza kwa korido, balbu moja inayowaka na kuzima, na msimamizi wa jengo akipanda ngazi na bakuli lililofunikwa sahani. Mume wangu alinishika mkono. Msimamizi akasimama mbele ya mlango wa stoo, ghorofa ya nne, akagonga mara mbili. Mlango ukafunguliwa, na akatokea Mpangaji, kwenye koti la kijani. Alikuwa amejificha humo muda wote, akimkimbia mtu aliyekuwa akimwinda, na msimamizi ndiye aliyemsaidia kwa kumwandika daftarini kama ametoka.

Mama alikaa bila kutikisika mpaka majina yakaanza kupita. Kisha akasema, kwa masikitiko kidogo, kwamba amemwonea msimamizi bure, alidhani ni mhalifu. Akachukua kalamu, akaandika hivyo kwenye jalada na kutia sahihi. Ndipo akaniangalia mimi, akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na Bosi ambaye hakuelewa lolote akacheka kuliko sote. Kundini Jicho Kali alikuwa ameshabadilisha nembo: aliweka picha ya daftari. Chini yake aliandika kwamba mwenye kundi amepatikana, yeye sasa ni kinyozi tu.

Ijumaa nilimpigia Mwongozaji kabla hajanipigia. Nilimwambia kwamba nilivunja karatasi yake, nikamwambia mama mkwe wangu, na kwamba kama ni hasira anikasirikie mimi. Akaniuliza, huyo mama mkwe ndiye Bibi Faili? Nikasema ndiye. Alisema mtu aliyeandika lile daftari aliapa hakuna atakayeugundua ule mstari, na yeye mwenyewe alishakata tamaa kwamba utagunduliwa. Akataka kujua kama mama angekubali kuja kufanya kazi nao kwenye tamthilia ijayo, kukaa pembeni wakati wa kupiga picha na kuandika kila kitu kilivyo, ili makoti yasihame tena upande. Kuhusu mimi, alisema kazi ya mavazi ni yangu, lakini la jina kwenye kioo atalifikiria akishapoa. Nilijibu kwamba nitangoja apoe.

Nilimfikishia mama ujumbe jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani puani, akatikisa kichwa.

"Nikishajua mwisho wake, nitafanya nini siku za Alhamisi?" alisema. "Wewe nenda, mwanangu. Ukirudi usinisimulie hata chembe."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai, akanyanyuka kwenda kuiteleka yeye mwenyewe, vikombe viwili. Kwenye simu yake aliyoiacha mezani, kundi lilikuwa bado halijalala. Darubini alikuwa amegundua kwamba katika picha ya mwisho kabisa pazia la dirisha la chini lilikuwa linatikisika, na madirisha yote yamefungwa, na sasa watu mia tatu walikuwa wanagombana kuhusu upepo. Mama alirudi na vikombe, akaliangalia pazia kwa jicho la pembe, akaniangalia mimi.

Pazia sikushona mimi, na ya pazia sikujua chochote. Nikavuta kiti.